Rauta Iliyozirai Kila Alhamisi

Mwaka wa 1999, pale Lurambi, tulikuwa na mashine iliyozirai kila Alhamisi saa nne asubuhi. Jumatano ilikuwa nzima. Ijumaa ilifufuka yenyewe bila mganga.

Usicheke. Nilikuwa fundi wa kampuni ndogo ya intaneti ya antena. Wateja wote walipitia kompyuta moja kuukuu, ndiyo tuliyoiita rauta.

Bosi wangu, Onesmus, alianza na wateja wanne. Kufikia Agosti walikuwa thelathini na mmoja, na rauta ni ile ile.

"Bosi, hii kitu imelemewa."

"Imelemewa na nini? Kwani inabebanga mawe?"

Akainunulia feni. Mtaalamu huyo.

Alhamisi iliyofuata feni ilizunguka vizuri kabisa, rauta ikiwa imezirai. Onesmus akaleta pasta. Tukaiombea, mikono juu ya waya. Pepo hakutoka.

Nikaamua kuchunguza nani anaziba njia. Kumbe ni marehemu!

Kwetu watu huzikwa Jumamosi. Basi Alhamisi familia zinajaa kwenye vibanda vya barua pepe, kutuma picha za marehemu kwa jamaa walio ng'ambo. Picha kubwa, utadhani wanamtuma mwenyewe.

Nikajiona mjanja. Nikaiamuru rauta ipitishe ofisi kubwa kwanza, vibanda vya vijijini vipate makombo. Alhamisi hiyo haikuzirai. Onesmus alinikumbatia, halafu, kwa busara zake, akaunganisha wateja wengine tisa.

Oktoba, baba yangu akafa.

Nikaenda nyumbani Shinyalu. Kijijini hakukuwa na simu, kwa hivyo dada yangu Jescah alimwandikia kaka yetu Mukhwana, aliyekuwa Kanada, kupitia kibanda cha sokoni, kilichotumia antena yetu. Siku tatu akawa anaenda kuuliza jibu.

"Wanasema barua zikianza kuingia zinakatanga, wanaanza tena mwanzo."

"Hao hawajui kazi," nikamjibu. Mimi, mtaalamu.

Wazee wakachoka. "Huyo wa Kanada amenyamaza. Tuzike tu."

Nikakubali. Hata nilimtukana Mukhwana moyoni. Jumamosi saa nane tukamzika baba.

Saa kumi na moja Mukhwana akaingia bomani na koti zito na begi. Akauona udongo mbichi.

"Si niliwaandikia Jumatano mnisubiri?"

Jescah akaangua kilio. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilijua barua ilikuwa imekwama wapi, na nani aliikwamisha. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Jumatatu nilirudi kazini nikaifuta ile amri. Mchana huo huo Jescah akaletewa karatasi kutoka kibandani. Ilikuwa na mstari mmoja: "Msimfunike kabla sijamwona."

Ukipewa kazi ya kuamua nani asubiri, uliza kwanza anasubiri nini.

Miaka yote hii Mukhwana analaumu kibanda, nami namwitikia. Kaka, najua unasomanga hizi hadithi zangu. Ni mimi.