Konokono wa Bahari Sebuleni Korogwe

Wakati ule wa vijiji vya ujamaa, mkuu wa shule yetu alijaza mahindi ndani ya maabara yangu. Sikatai, shamba la shule lilikuwa limezaa na ghala hatukuwa nalo. Lakini wasichana wangu walikuwa wakisoma sayansi kwenye ukumbi wa kulia, harufu ya maharage puani, na mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamfuata ofisini. Akacheka.

"Mwalimu, si unasema viumbe wa bahari wanaweza kufundishwa hata huku bara? Haya, walete. Siku ya wazazi nikiwakuta hai, mahindi nayahamisha. Wakifa, usinisumbue tena."

Nikaweka tangi la kioo sebuleni kwangu. Maji na mchanga nilivitoa Tanga kwa basi, ndani ya madumu, pamoja na samaki wadogo wenye mistari niliowakamata kwenye vidimbwi vya ufukweni. Dumu moja lilivuja na abiria wakaninunia mpaka tulipopita Segera. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mitambo ya umeme ya Hale na kurudi nyumbani mara moja moja, aliliangalia lile tangi, akaniangalia mimi, akaomba chai.

Haukupita muda ukoga wa kijani ukaingia. Ulianza kama vumbi kwenye kioo, ukawa utelezi, ukafunika mawe na hata mpira wa pampu ya baiskeli niliyowapulizia hewa. Nikiukwangua leo, kesho umerudi. Samaki wakawa wanahema juu juu. Siku moja nilikaa chini mbele ya tangi nikalia, na sioni haya kusema hivyo, maana nilikuwa naiona maabara inakwenda.

Nilijua kuna konokono wanaokula ukoga. Nikateremka Korogwe ya zamani, nikaokota wa mtoni, kwenye mawe ya Pangani. Mtu niliyesomea ualimu! Walipoingia kwenye maji ya chumvi walifunga vifuniko vyao na hawakuvifungua tena, wakaoza, maji yakanuka nyumba nzima. Nikarudi Tanga. Maji ya bahari yalikuwa yametoka, miamba iko wazi, nikachukua wa juu ya miamba kwa sababu ndio waliokuwa karibu. Hao nao wamezoea kukaa pakavu. Asubuhi niliwakuta kwenye pazia na mmoja ndani ya kiatu. Mara ya tatu nilikunja nguo nikaingia majini, nikapindua mawe, nikachagua wale wanaobaki ndani ya maji hata bahari ikitoka.

Hao walikula. Kila walipopita waliacha njia safi kwenye kioo, nami nikawa nawakodolea macho badala ya kusahihisha madaftari. Ukoga wa kioo cha nyuma niliuacha makusudi, kwani wakiumaliza wote watakufa njaa. Joto lilipopunguza maji niliongeza kikombe cha maji ya mvua, kwa kuwa maji hukauka lakini chumvi hubaki. Samaki wakachangamka. Siku ya wazazi ikakaribia na mimi nikaanza kulala usingizi.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Handeni, na kuku wake na kunde zake. Nilimwamkia shikamoo, nikamtandikia kitanda chetu. Mama yule hakuwa mtu wa kukaa bure. Wazee wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na yeye hakungoja kupewa. Siku ya tatu nilitoka kwenda kufundisha nikamwacha akichambua mchele.

Niliporudi, sebule ilinukia sabuni. Tangi lilikuwa linang'aa pande zote, tupu, limefunikwa kitambaa cheupe nilichomwekea mezani. Mchanga alikuwa ameuanika uani.

"Pole na kazi, mwanangu," alisema, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. "Nimekusaidia. Uchafu ule ungewaua samaki wako. Na makonokono yalikuwa yamekuingilia humo, nimeyatupa jalalani, yasije yakakuletea kichocho."

"Samaki wako wapi, mama?"

"Nimewahamisha. Kila asubuhi nakuona unawaongezea kikombe kimoja cha maji mazuri, nikasema moyoni, huyu mbona anawabania? Leo wamepata ya kutosha."

Akanishika mkono akanipeleka jikoni. Walikuwa ndani ya sufuria yangu kubwa, kwenye maji safi ya bombani, wamelala ubavu, na mistari yao imepauka. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia kwamba ameuzika mwaka wangu mzima, kwamba wasichana wangu watabaki kwenye harufu ya maharage mpaka wamalize shule. Lakini yule ni mama wa mume wangu, na magoti yake yalikuwa yamechubuka kwa kupiga magoti sakafuni kwangu.

"Ahsante, mama," nikasema.

Akainama juu ya sufuria, akatazama. "Mbona hawachezi?"

"Wamelala, mama. Wamechoka."

Alitikisa kichwa kukubali, akavua kandambili zake mlangoni, na jioni nzima akatembea pekupeku jikoni asiwaamshe.