Mama Anywe Kahawa kwa Nani

Mke wangu Irmeli hana wivu na watu. Jirani akinunua gari jipya atampa hongera, na ataitoa kwa moyo mweupe. Wivu wake wote, tangu utotoni, amemwekea mtu mmoja tu, naye ni mdogo wake Tuula, anayekaa nyumba ya pili, ng'ambo ya ua wa vichaka.

Nyumba za mtaa wetu zilijengwa baada ya vita kwa ramani moja, na wanaume waliorudi na miguu miwili au mmoja. Yetu aliijenga baba mkwe wangu, na Irmeli alizaliwa humo. Ile nyingine Tuula aliinunua kwa bibi mmoja bahili, Mungu amrehemu, ambaye hakuwahi kubadili hata msumari. Ndiyo maana jikoni kwa Tuula mambo yalibaki ya enzi zile: makabati ya mbao yenye rangi ya samawati iliyopauka, jiko la kuni pembeni, na juu ya sinki lile kabati la huku kwetu la kukaushia vyombo. Halina sakafu. Sahani unazipanga zikiwa mbichi kwenye waya, unafunga mlango, maji yanadondoka yenyewe sinkini.

Makabati yetu kama hayo tuliyang'oa miaka ya themanini. Irmeli mwenyewe ndiye aliyetaka makabati ya plastiki ya kahawia, yakang'aa kama viatu vya askari, na mtaa mzima ukaja kuyashangaa, Tuula akiwa wa mwisho. Yale ya zamani tuliyapeleka bandani, maana huku kwetu kitu hakitupwi, kinahamishwa tu. Yakawa ya makopo ya rangi na nyavu zangu za samaki.

Mama yao, Lempi, anakaribia miaka tisini. Alikaa kwetu mpaka alipoanza kusahau sufuria motoni, na aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemfuata barabarani akiwa na gauni la kulalia, ni Irmeli. Sasa yuko nyumba ya wazee, na kila Jumapili namleta kwa gari aje kunywa kahawa. Hapo ndipo kidonda kilipo. Kwetu, ndani ya nyumba alimozalia watoto wake, Lempi hukaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Hunywa kikombe kimoja, halafu huuliza, "Twende sasa jikoni kwa Tuula?"

Na huko hukaa mpaka jioni.

"Unaona?" Irmeli aliniambia Jumapili moja, akichungulia nyuma ya pazia. "Anacheka. Kwangu alicheka lini?"

"Alicheka siku nilipoanguka kwenye theluji."

"Taisto, sitaki utani! Ni yale makabati. Mama anaona pale ndipo kwake. Mimi nimebeba mzigo miaka yote, halafu yule mtoto ananiibia mama kwa makabati!"

Yule mtoto ana miaka sitini na ushee. Sikumkumbusha hilo, kwa sababu machozi yalikuwa yanamlenga, na mke wangu si mtu wa kulia ovyo.

Kesho yake nikamkuta bandani anamwaga makopo yangu nje.

Majira yote ya kuchipua tulikwangua rangi ya makabati yale. Juu nyeupe, chini ya nyeupe kijani, chini ya kijani samawati, na vidole vyangu vikaisha ngozi kwa msasa. Irmeli alizunguka masoko ya mitumba akitafuta vishikio vya milango, akirudi na kimoja kimoja kama mtu aliyeokota dhahabu. Rangi ndiyo ilimtesa. Sampuli zote za dukani alizikataa. Mwishowe akawa anakwenda kwa Tuula kuomba sukari, na Tuula akigeuka, yeye anabandua kwa ukucha kipande cha rangi nyuma ya kabati.

"Dada," nilimsikia Tuula akisema mlangoni, "sukari si ulichukua juzi? Mnaila na kijiko?"

"Shemeji yako ndiye mlaji," akajibu Irmeli bila haya. Kipande cha rangi kilikuwa ndani ya kiganja chake.

Likabaki kabati la kukaushia. Irmeli alikuwa amenunua vikombe vya zamani vyenye maua ya buluu, vizuri kweli, akataka vikae humo, mahali macho ya mtu yanapofikia kwanza akiingia.

"Liwekee sakafu," akaniambia. "Mvuke usivipande. Vyombo vitaoshwa na mashine."

Mashine hiyo tulikuwa tumeificha nyuma ya mlango wa samawati.

"Kabati la kukaushia lenye sakafu? Utawachekesha watu. Halafu wewe, nyumba njema si mlango."

"Wewe shika bisibisi."

Nikashika bisibisi. Na gundi nikapaka, nisije nikaambiwa nimefanya kazi nusunusu.

Siku ya kuzaliwa ya Lempi ikaangukia Jumapili. Irmeli aliamka mapema akaoka mikate mitamu ya iliki, akamwita na Tuula, kwa heshima zote. Wema huo ulinitia wasiwasi.

Lempi alivua viatu, akaingia, akasimama. Akapitisha kiganja chake juu ya mlango wa kabati, taratibu.

"Huku ni kwangu," akasema.

Irmeli alimtazama Tuula, na mtazamo ule ulikuwa na miaka yao yote ndani yake. Tuula akainamisha uso kwenye kahawa. Mama mkwe akanywa vikombe vitatu, mkoba ukiwa sakafuni, akanitania kwamba kitambi changu kimekua kwa sukari ya watu. Alicheka. Mke wangu alikuwa amelewa furaha.

Kisha Lempi akainuka, akakunja mikono ya sweta, akachukua kikombe chake mpaka kwenye sinki.

"Mama, kaa!" Irmeli akaruka. "Leo wewe mgeni wa heshima. Mashine itaosha."

"Mgeni?" Lempi akageuka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zege la nyumba hii nimelikoroga mimi kwa mikono hii."

Akakiosha kikombe, kwa brashi, ndani na nje. Akafungua kabati la juu. Maua ya buluu yakamtazama, safu kwa safu, hakuna hata upenyo. Akapapasa chini kwa vidole.

"Nani kaziba hapa?"

Maji yalikuwa yanamchuruzika kuingia kwenye mkono wa sweta.

"Sasa nikiweke wapi?"

"Nipe mimi, mama," akasema Irmeli.

"Kwa Tuula naosha vyote. Tuula hajui kuosha, anaacha mafuta. Nisipokwenda, nani atamwoshea?"

Tuula akawa mwekundu. "Huwa namwachia, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Vikiisha, namtolea hata visafi."

"Hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unakuja kuomba sukari."

Lempi hakuwasubiri. Alivaa viatu vyake, akatoka na kikombe kikidondosha maji, akapita kwenye pengo la ua, akaingia kwa Tuula kukianika. Tuula akamkimbilia, maana ngazi zile zinateleza.

Tukabaki wawili na makabati yetu. Irmeli alisimama dirishani, safari hii bila kujificha nyuma ya pazia. Nilidhani atatukana. Nilitaka hata kumwambia kazi ilikuwa nzuri.

"Bisibisi," akasema.

"Nilipaka gundi."

"Basi nyundo."

Nilipobomoa ile sakafu yeye alikuwa ameshashusha vikombe vyote vya maua, akavipanga mezani. Akachukua birika, akaanza kuvimiminia mabaki ya kahawa, kimoja baada ya kimoja, tone hapa, tone pale, vyote vikachafuka. Akavipaka na makombo ya mkate kwenye kingo.

"Kamwite mama," akaniambia. "Mwambie vyombo vimenizidi. Mwambie, Taisto, kwangu viko vingi kuliko kwa Tuula."