Siku Niliyomgonga Mama Mkwe kwa Miguu

Mkasa huu nikianza kuusimulia, mke wangu huinuka akatoka nje, na ningekuwa na haya ya kutosha ningeuacha ufe, lakini Sapiwi nzima, kijijini kwa wakwe zangu, wanaujua na wanausimulia vibaya kuliko ulivyokuwa, kwa hiyo afadhali muusikie kwa mwenye makosa.

Mimi ni mwalimu wa udereva pale Bariadi mjini (mtacheka baadaye, subirini). Siku hiyo nilikuwa nakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Kabula, wakati huo bado mchumba, na baba yake alishasema wazi kwamba binti yake hamtoi kwa kijana wa mjini asiye na adabu, yaani nikiharibu siku hiyo, Kabula nimemkosa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Gari tuliliacha barabara kuu, maana ule udongo mweusi wa mbugani ukilowa unanata na kuteleza kwa wakati mmoja, sijui unawezaje.

Kabula akavua viatu akavishika mkononi, kama wafanyavyo wote kule, kidole gumba kinachimba tope na mtu anakwenda zake.

"Vua na wewe," akaniambia. "Hili tope halitaki viatu."

Nikazitazama moka zangu mpya, zimepigwa kiwi mpaka unajiona (soli laini, tairi kipara kabisa, na mimi ndiye ninayewakemea wanafunzi kwa tairi kipara), nikasema siwezi kuingia ukweni miguu peku.

"Kutembea kwenye utelezi ni udereva tu," nikamwambia. "Gia namba moja, mwendo mdogo, hakuna kukanyaga breki ghafla."

Na kweli nilianza vizuri. Mguu ukienda kushoto nakata usukani kulia, mikono yote miwili hewani, nikikwepa dimbwi nawasha indiketa kwa kidole, na Kabula nyuma yangu anacheka mpaka anashika magoti, na kicheko hicho ndicho kilichoniponza, maana nilitaka acheke tena, nikaongeza gia, na hapo hapo mteremko wa kushukia kijitoni ukafika.

Kutoka chini alikuwa anapanda mama yake, beseni la viazi kichwani. Sasa jamani, kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani, hata mkono hawapeani, mkikutana njiani mnaachiana njia na kugeuza nyuso, ndiyo heshima yenyewe. Mama aliponiona na binti yake akajua mgeni ndiye huyu, akafanya linalompasa: akajifunika kanga usoni, akatoka njiani, akanipa mgongo. Na mimi kwa adabu zangu zote nikakata usukani kumpisha, upande uleule.

"Mayu, mama yangu, nipishe, sina breki," nikasema, lakini tayari nilikuwa nimemkumbatia kwa nyuma kwa nguvu zangu zote, tukashuka pamoja, mimi, mama mkwe na viazi, mpaka kwenye maji.

Maji yalifika kwenye vifundo tu na hakuna aliyeumia. Nilikaa kwenye tope nikilitazama beseni likienda na maji, nikaona na harusi yangu imo ndani yake, na niliogopa kweli.

Mama akainuka, akatafuta kanga yake, akajifunika uso upya (na tope lote lile). Hakunisemesha mimi, maana haifai.

"Kabula, hebu muulize mgeni wako. Huko anakofundisha, kosa ni la anayegonga au anayegongwa?"

"Mwambie mama," nikasema, "kosa ni la dereva."

"Basi avue hivyo viatu anipe. Leseni yake nakaa nayo mimi."

Nikaingia ukweni miguu peku, nimepakwa tope mpaka masikioni. Baba alisikiliza habari yote bila kutikisa hata nyusi, kisha akauliza kuelekea jikoni, "Amekushika?"

"Amenishika," mama akajibu kutoka ndani. "Mikono miwili. Sasa akienda kuoa kwingine, mimi nitasema yule alikuwa nani yangu? Aoe hapa hapa."

Baba akainamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikajua nimepata mke.

Moka zile hadi leo zinaning'inia kwenye ghala la mama, na leseni sijarudishiwa. Nimeapa sivai tena kiatu kwenye tope la Sapiwi. Kila masika navua barabarani, nashika fimbo, na nikifika juu ya ule mteremko nasimama kabisa, mtu mzima na ndevu zangu, naita "pii, pii", halafu nasubiri. Kutoka chini husikika sauti ya mama akiwaambia wajukuu, "Mwambieni baba yenu apite, mimi nimeshaegesha pembeni."