Karanga za Mbegu

Mwaka ule nilikuwa nimerudi kutoka chuoni Uganda na sikuwa na kazi ila kungoja barua ya kupangiwa shule. Nilikaa Korogwe kwa baba mdogo, aliyefanya kazi katika shamba la mkonge, na kila gazeti la Kiswahili liliposhushwa stesheni nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kulinunua. Wenzangu walitafuta habari za siasa, maana watu wote walikuwa wakisema Mwingereza karibu ataondoka. Mimi nilianza na ukurasa wa afya.

Sijui tabia hiyo niliitoa wapi. Nikisoma kwamba mchele mweupe mno huleta ganzi ya miguu, jioni nilivua viatu nikakanyaga sakafu taratibu, nione kama bado nasikia baridi yake. Nikisoma kwamba asiyekula mboga za majani huanza kupoteza macho giza linapoingia, nilitoka nje magharibi na kujipima kwa migomba ya jirani. Baba mdogo aliniuliza siku moja kama huko Uganda nilisomea ualimu au kujitafutia magonjwa.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba gazeti halikukumbuka lilichosema jana. Wakati wa ukame uliotangulia lilikuwa limemsifu bwana shamba aliyewalazimisha watu wa Handeni kulima muhogo, kila kaya shamba lake, kwa sababu muhogo hauliogopi jua. Sasa ukurasa wa afya wa gazeti lile lile uliandika kwamba muhogo hujaza tumbo lakini haujengi mwili, na kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa muhogo mtupu huvimba miguu na uso, nywele zikageuka rangi, ngozi ikabanduka, na mara nyingi hufa. Dawa yake, liliandika, ni chakula: maziwa, mayai, samaki, maharage, karanga.

Niliwasomea watu wa kambi ya vibarua wa mkonge habari ile. Mkata mkonge mmoja aliniomba nirudie hapo kwenye mayai, kisha akaniuliza kama aliyeandika ametaja kuku ni wa nani. Watu wakacheka, mimi pia. Lakini usiku nilijilaza nikijiuliza gazeti limemwandikia nani. Mwenye ng'ombe haihitaji habari hiyo, na asiye na ng'ombe haiwezi.

Wiki hiyo hiyo utingo wa lori alinifikishia salamu za dada yangu, aliyeolewa Mazingara, huko Handeni. Mwanawe, msichana ambaye hata kutembea vizuri hakuwa amejua, alikuwa amevimba, na dada alikuwa ametengwa. Utingo hakujua kutengwa huko maana yake nini. Mimi nilijua.

Kwetu mtoto anayenyonya akivimba au kudhoofika, watu husema amebemendwa. Yaani wazazi wake wamekutana kabla hajaachishwa ziwa, maziwa yakaharibika, na mtoto analipa kwa mwili wake. Shemeji yangu alikuwa kibarua kwenye mkonge na alikuja nyumbani mara chache. Dada alikuwa na mimba nyingine. Hakuhitajika mpelelezi.

Nilikunja ukurasa ule nikautia mfukoni, nikapanda lori. Pale Segera nilinunua dagaa wakavu, kiasi cha kujaa kofia, nikashuka mbele na kumalizia njia kwa miguu, katika matope ya masika. Njiani niliusoma tena. Nikaona maneno ambayo kambini sikuyaona: mara nyingi, huenda, katika baadhi ya sehemu. Ni sehemu gani? Mtoto wa Mazingara yumo? Kwa mwendo ule nilipofika uani sikuwa na hakika hata kama muhogo ni chakula.

Nilimsalimu mama mkwe wa dada shikamoo, akaitikia bila kuacha kutwanga. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Dada alikuwa amekaa peke yake nyuma ya nyumba ya jikoni. Mtoto alilala juu ya mkeka upande wa mbele, mbali naye, kwa sababu mama aliyembemenda mwanawe haachiwi kumgusa sana kabla dawa haijamaliza kazi. Dawa ilikuwa maji ya mizizi ya kumwogeshea. Dresa wa zahanati alikuwa amempa ya minyoo, akasema kama haitasaidia wampeleke hospitali, lakini mto ulikuwa umejaa mara tu baada ya mimi kuvuka, na lori halikupita.

Nilimwangalia yule mtoto. Mashavu yamejaa, miguu imejaa. Dada aliniambia baadaye kwamba mwanzoni jirani walimsifu kuwa amenenepa, na yeye akafurahi. Nilibonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. Hakulia. Hakugeuka hata kuona ni nani aliyemgusa. Kando yake palikuwa na sahani ya bada, ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga kidogo pembeni, vyote havijaguswa.

Nikatoa ukurasa wangu nikausoma kwa sauti, kama mwanafunzi. Dada alisogea hadi kwenye pembe ya nyumba kusikiliza. Nilipofika pale paliposema ugonjwa hautokani na kosa la mama, bali na chakula, nilimsikia akivuta pumzi.

Mama mkwe aliweka mchi chini. Aliniuliza kama hilo ndilo gazeti lililosema walime muhogo. Nikasema ndilo. Akaniuliza lipi lilikosea, la mwaka ule au la mwaka huu. Nilianza kumweleza kwamba yote mawili yalikuwa na kweli yake, kwamba muhogo huokoa mtu mzima asife njaa lakini mtoto mdogo ana haja nyingine, kwamba mwandishi wa kwanza alijibu swali moja na wa pili jingine. Nilieleza mpaka nikajichanganya.

"Mjomba," alinikatisha, akiniita kama mjukuu wake angeniita, "mimi sikusoma. Niambie ndiyo au siyo. Mtoto huyu amekosa chakula?"

Nilisema ndiyo. Moyoni niliongeza huenda, mara nyingi, katika baadhi ya sehemu.

Alimtazama dada, kisha akaingia jikoni. Juu ya mafiga, kwenye dari lililogeuka jeusi kwa moshi, huning'inizwa mbegu za msimu ujao, na hakuna mtu anayezigusa, hata njaa ikiingia. Nimeona watu wa huko wakila mizizi ya porini huku mbegu zipo juu ya vichwa vyao, na si kwa ujinga: mwenye kula mbegu amekula na mwaka ujao. Alitoka na kibuyu. Alikipasua kwa mpini wa jembe, karanga zikamwagika kwenye ungo, akakaa chini kuzibangua.

Dada akasema kwa woga, "Mama, tutapanda nini?"

"Panda gazeti," alisema. Hakucheka, na sisi hatukuthubutu.

Zilitwangwa zikawa laini, zikatiwa kwenye uji pamoja na dagaa waliopondwa. Mtoto alikataa. Mama mkwe alimpakata na kumtilia mdomoni kidogo kidogo kwa ncha ya kidole, tangu asubuhi mpaka jua linazama, na kesho yake tena. Dada aliruhusiwa kukaa karibu, ila si kumlisha.

Kisha uvimbe ukaanza kutoka, na hapo ndipo hofu ilipotushika kweli. Sikuwa nimeandaliwa. Gazeti lilisema mtoto atapona. Halikusema kwamba maji yakitoka mwilini utaona kilichokuwa chini yake. Mashavu yaliporomoka. Miguu ikawa kama vijiti vya kuchokolea moto, ngozi ikaning'inia, mbavu zikatokeza moja moja. Mtoto aliyeonekana mnene wiki iliyopita sasa alikuwa mifupa. Majirani walikuja kutazama na kuondoka. Mmoja alimwambia mama mkwe, mimi nikiwa hapo hapo, kwamba chakula cha gazeti kimemmaliza mjukuu wake na mbegu pia.

Niliusoma ukurasa ule mpaka mikunjo yake ikakatika. Niliupekua kama mtu aliyeangusha sindano. Hakukuwa na neno hata moja juu ya kukonda. Nikawaza kwamba labda karanga zilikuwa na ukungu. Labda dagaa wa Segera walikuwa wabovu. Labda mchapaji aliacha mstari. Nikawaza kuondoka alfajiri kabla mtoto hajakata roho, nikaona aibu, nikabaki. Dada alianza kusema maneno ambayo ndiyo niliyoyaogopa kuliko yote, kwamba pengine kweli alimbemenda, kwamba anastahili.

"Nyamaza," mama mkwe alimwambia. "Lete uji."

Aliendelea kumlisha. Kwa nini aliendelea, wakati mimi niliyemletea habari nilikuwa nimeshaacha kuiamini, sikuelewa wakati ule.

Asubuhi moja, mimi nikinawa uso uani, mtoto alilia. Hakikuwa kilio cha maumivu. Alikuwa ameona bakuli likipelekwa upande mwingine. Alinyoosha mkono ule mwembamba na kulia kwa hasira, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Dada alikimbia, akamchukua kwa mama mkwe bila kuomba ruhusa, akamlisha mwenyewe, machozi yakimdondokea bakulini. Hakuna aliyemkataza. Tangu siku ile neno kubemenda halikutajwa tena katika ua ule.

Nilifikiri mama mkwe atafurahi. Alikwenda kukaa jikoni chini ya dari. Nilimfuata kumuaga, kwa kuwa mto ulikuwa umepungua, na kumwambia kwamba nikifika Korogwe nitatafuta mbegu nyingine. Alikubali kwa kichwa. Halafu akaniomba nimsomee tena, si yote, ila pale panaposema ugonjwa unatokana na nini.

Nikasoma.

"Inasema ni siku hizi tu?" aliuliza. "Au tangu zamani?"

Nilisema gazeti halitaji zamani. Ndivyo ilivyokuwa, na nilishukuru kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kisha akaniambia, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba baada ya shemeji yangu alizaa wengine wawili. Wote walinenepa mashavu, jirani wakasifu, wote wakafa. Alitengwa kama dada alivyotengwa, akaogeshwa, akakubali kosa mbele ya wazee wa mume, na kosa lile alilizoea. Alijua alifanya nini na alishaadhibiwa.

"Kama ni chakula, mjomba," alisema, "basi wale niliwalisha kwa mkono wangu."

Nilitafuta huenda zangu zote, mara nyingi zangu, baadhi ya sehemu. Nilimwambia kwamba labda wale walikuwa na ugonjwa mwingine, kwamba mwaka ule pengine hata karanga hazikupatikana.

Aliinua macho kwenye dari jeusi, mahali ambapo kamba ya kibuyu ilikuwa bado inaning'inia.

"Zilikuwepo," alisema. "Zilikuwa pale pale, nami nikipika chini yake."

Nje mtoto alikuwa ameanza tena kudai chakula. Mama mkwe aliufuta ungo kwa kiganja, akakusanya karanga zilizobaki, akatoka nazo.