Nilikata Ngazi ya Baba Ndio Gari Ikae Kali

Kama uko na roho ya kunihurumia, iweke kando kwanza. Baba yangu leo hatembei bila fremu ya chuma, na mwenye makosa ni mimi. Sitasingizia shetani, wala fundi, wala marafiki. Mwanaume mzima wa miaka thelathini na nne, na ujinga wangu wote!

Wazazi wangu wanaishi Kalimoni, mimi nimepanga nyumba Kamenu. Baba alikuwa na pikapu ya four-wheel ya zamani, ile ya milango minne, haijui matope ni nini. Aliinunua nikiwa nasari. Imebeba mahindi, imebeba ndama, imebeba jeneza la guka, babu yangu. Pembeni mwa mlango wa abiria alichomelea ngazi ya chuma kwa mikono yake, kwa sababu cucu, mama yake, alikuwa na magoti mabaya. Cucu akaenda kwa Mungu, ngazi ikabaki. Halafu magoti ya baba nayo yakaanza.

Aliposhindwa kukanyaga klachi aliniita, akanipa ufunguo.

"Gari ni yako. Mimi nataka kitu kimoja tu, Jumapili unipeleke kanisa."

Nikasema sawa mzee. Kusema sawa ni rahisi aje!

Basi nikapata mchumba, Wambui, na wazazi wake wanakaa Membley. Kule kila nyumba iko na gari mpya mbele. Ruracio ikakaribia, ile siku familia yetu ingeenda kwao kutoa mahari, na nikaanza kuona aibu na hiyo pikapu ya kubeba kabeji. Aibu! Gari ambayo ilinisomesha!

Nikaipeleka kwa fundi Ruiru aiinue. Wenyewe wanaita lift kit: springi ndefu, shoki mpya, na mimi nikaongeza magurudumu makubwa ndio isimame kabisa. Fundi alikuwa mtu wa kazi. Alibadilisha hata mipira ya breki akaweka mirefu, eti ile ya zamani ingevutika ikatike. Alipofika kwa ngazi akasimama.

"Boss, gari imepanda zaidi ya shubiri. Hii ngazi wacha niishushe kidogo. Huku mbele hupanda nani?"

"Kata," nikamwambia. "Inafanya ikae gari ya wazee."

"Lakini si nimeona mzee wako..."

"Fundi, gari ni yangu ama ni yako?"

Akakata. Nikamwambia aitupe na vyuma vikuukuu. Nikapiga picha nikaweka kwa simu, vijana wakanisifu mpaka kichwa kikafura.

Baba aliiona asubuhi ya ruracio yenyewe, nilipoingia Kalimoni nikipiga honi. Alikuwa amesimama nje na koti lake na kofia, amejiandaa wiki nzima, maana ndiye wa kusema mbele ya watu kilichotuleta. Akaangalia magurudumu. Akaangalia chini ya mlango.

"Ngazi iko wapi?"

Nikacheka. Woi, nilicheka! Nikamwambia, "Mzee, hii sasa ni ya kisasa."

Binamu zangu wawili wakamshika, mmoja kwapani, mwingine akisukuma kutoka chini, wakampandisha. Kofia ikaanguka. Mama akaiokota, akaipanguza na leso yake, akampa. Mimi nilikuwa kwa usukani nikipiga kelele kwamba tunachelewa.

Njiani baba huwa haachi kukuonyesha hili shamba ni la nani na lile liliuzwa na nani. Siku hiyo alishika fimbo tu, akaangalia mbele.

Membley tulipata lango la kina Wambui limefungwa, kama ilivyo desturi, akina mama wa kwao wako ndani wanaimba kwamba hawatufungulii, wetu wako nje wanawajibu. Nikasimamisha gari mbele kabisa, hapo langoni, ndio ionekane. Binamu zangu wakaruka chini, wakaja upande wa baba kumshusha.

Baba akaangalia wale watu wote waliokuwa wakichungulia. Akasema kwa sauti ya chini, "Siwezi kushushwa kama gunia mbele ya watu tunaokuja kuwaomba msichana. Sogeeni. Nitashuka mwenyewe."

Akatoa mguu. Niliuona kwa macho yangu haya. Ule mguu ulikuwa unaitafuta ngazi. Ulikuwa umezoea kuipata hapo miaka yote, na ukapapasa, ukapapasa, halafu uzito wote ukaja.

Ngai! Nyonga ilivunjika pale pale langoni. Wimbo ulikatika katikati, na sauti iliyobaki ni ya mama akiita jina langu.

Mbuzi wa mahari tuliokuwa tumewaleta walirudi Kalimoni. Baadaye siku nyingine ilipangwa, Wambui nikamuoa, lakini ukiangalia picha, kiti cha baba amekikalia baba mdogo. Baba alikuwa kitandani.

Nilirudi kwa yule fundi kichwa chini. Nikarudisha springi za zamani na magurudumu ya zamani. Ngazi ya baba ilikuwa imeshauzwa na vyuma vingine, kwa hivyo akanichomelea mpya, nzuri, hata akaweka mpira isiteleze. Kila Jumapili naiendesha hadi mlangoni kwa wazazi. Mama hutoka peke yake, anapanda, anakaa kiti cha nyuma. Baba husikiliza ibada kwa redio.

Jumapili iliyopita niliingia ndani, nikapiga magoti. "Baba, nimerudisha ngazi."

Hata hakukasirika. Heri angenichapa na hiyo fremu yake!

"Nimeiona," akasema. "Enda umsaidie mama yako apande."

Wewe unayetaka kuinua gari yako, inua, sikukatazi. Lakini kabla fundi hajawasha mashine yake, mlete mkubwa wa nyumba yenu, mfungulie mlango, umwone akipanda na akishuka. Mimi niliuliza vijana wa simu, na hakuna hata mmoja wao amewahi kupanda hiyo gari. Jumapili nitaenda tena Kalimoni. Nitapiga honi mara moja, na mama atatoka peke yake.