Mgema Aliyeomba Ruhusa ya Siku Moja

Umande haujakauka, na Fulgencio Tepepa amekwishapiga magoti mbele ya mkonge mnene kuliko yeye. Anatumbukiza buyu refu katika moyo wa mmea, anavuta kwa mdomo, na utomvu mtamu unapanda. Anakwangua kidonda cha mmea, anakifunika kwa jiwe, kisha anahamia mwingine.

"Ukiulaza mpaka jioni, unakuwa pulke," anasema mgema huyu mwenye miaka hamsini na minane, akimswaga punda wake. "Ndiyo maana mimi na huyu tunakimbia."

Lita ya utomvu humpa peso kumi na mbili. Pombe ya pulke ingemlipa mara mbili, na hapa kijijini Santa Úrsula hakosi wa kumkumbusha.

Zamani alikuwa mgema na mlevi kwa pamoja. Mkewe, Hermelinda, alimkokota hadi kanisani, naye Fulgencio akaapa mbele ya Bikira wa Guadalupe kutogusa pombe mwaka mzima. Akashika kiapo, kijiji kikamsifu. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sikukuu ya mtakatifu wa kijiji ilipowadia, alimwendea padri kuomba ruhusa ya kunywa siku moja. Akapewa.

Usiku ule sukari ilimpanda Hermelinda. Binti yao, Nazaria, wakati huo kigori, alimkuta baba amelala kwenye mikonge, akamtikisa bega.

"Nikamwambia, 'Niache, mwanangu, kesho naapa tena,'" anasema Fulgencio. "Hiyo kesho mama yake hakuiona."

Aliona uchungu, akaunywea. Siku ya tisa ya msiba, majirani walipoizoa chokaa ya msalaba uliochorwa sakafuni, kumuaga marehemu, mgane hakuwepo. Hilo nalo linamuuma hadi leo.

Aliyemrudisha, baada ya miaka ya ulevi, ni Eleuterio, mchinja nguruwe aliyewahi kulewa hadi akauza visu vyake. Kila jioni alikuja na maharage, akaketi mlangoni.

"Sikumhubiria," anasema Eleuterio. "Mlevi ana masikio ya kukodi. Nilimwambia tu, 'Kaka, kula.'"

Siku moja alikula, na Alhamisi iliyofuata akaingia kwenye chumba nyuma ya kanisa, ambako watu wa viapo husali na kuambiana ukweli. Akaapa tena mwaka.

Mwaka huo unaisha Ijumaa. Jumamosi, Nazaria anaolewa.

Juzi wajomba wa bwana harusi walikuja kula. "Baba wa bibi harusi hainui kikombe cha maji," mmoja alimtania. "Ukiapa tena, omba ruhusa ya siku moja. Padri si mkali."

Nazaria aliweka sahani chini, akatoka. Baba alimfuata uani.

"Siombi, mwanangu."

"Usiniambie mimi, baba. Hata ile ilikuwa siku moja."



Ijumaa atapiga magoti tena kanisani, na amemwomba Nazaria amshikie mshumaa. Hajajibiwa. Jumamosi anataka kuwatakia maharusi heri kwa utomvu wa asubuhi hiyo hiyo, kabla haujachacha.

"Asipokuja, nitaapa peke yangu, ana haki," anasema, akikaza kamba za punda. "Siku ile alinitikisa, sikuamka. Safari hii akinigusa tu, anikute macho."