Fomu Niliyomficha Baba

Siku ninayoikumbuka kwa aibu, mwanangu, ni ile baba yangu alipovaa koti lake la kanisani, akaniambia tufuatane shuleni akanitetee.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nimefaulu. Lakini majina ya waliochaguliwa kwenda vyuoni na kidato cha tano yalipobandikwa, langu halikuwemo. Baba, mkulima wa migomba na maharage wa hapa Kirushya, aliponiuliza sababu, nilimjibu, "Wamenionea, baba." Akaniamini. Hakuwa na sababu ya kutoniamini.

Tulipofika kwa mkuu wa shule, baba alivua kofia akabaki amesimama, ingawa alionyeshwa kiti.

"Mwalimu, binti yangu mmemdhulumu," alisema. "Amefaulu. Nafasi yake mmempa nani?"

Mkuu alifungua jalada, akapekua taratibu. "Mzee, Yustina hakurudisha fomu ya kuchagua shule na vyuo. Tulimdai mara tatu."

Baba akanigeukia. "Ni kweli?"

Nikainama. Ilikuwa kweli, mwanangu. Ile fomu niliijaza kwa penseli, nikafuta, nikajaza tena. Nikiandika unesi, nawaza nitazimia nikiona damu. Nikiandika ualimu, naona darasa zima likinicheka. Nilichokipenda ni kilimo, lakini niliwaza watu watasema nimesoma miaka yote hiyo ili nirudi kwenye jembe. Niliwaza mpaka siku ya kurudisha ikapita, karatasi ikatoboka kwa kufutwafutwa, nikaitumbukiza chooni.

"Nisamehe, mwalimu," baba alisema. "Nimekuja kukutukana bure." Mtu mzima yule, kwa ajili yangu!

Njiani alisukuma baiskeli yake, mimi nikimfuata nyuma. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Yustina, kuogopa ningekuelewa. Ungeniambia tu. Ulitaka kusomea nini?"

"Kilimo."

"Nimelima maisha yangu yote," akasema, "na wewe ukaona aibu kuniambia mimi?"

Nilimpokea baiskeli, nikaisukuma mimi hadi nyumbani.

Nilikaa mwaka mzima nikipalilia maharage huku wenzangu wakisoma. Mwaka uliofuata niliomba chuo cha kilimo mwenyewe, nikapata, na baadaye nikapangiwa kazi Nyamigogo, kuwa bwana shamba. Ndiyo, waliniita hivyo hivyo, bwana shamba, na mimi mwanamke! Miezi ya mwanzo nilitamani kuacha. Kisha nikaizoea kazi, nikaipenda, mpaka nikastaafu. Baba hakunikumbusha kosa lile hata mara moja, na ukimya wake ndio ulioniuma zaidi.

Nakuambia haya kwa sababu nakuona na simu yako, unachagua kozi asubuhi, unabadilisha jioni, na ukiulizwa unasema bado unafikiria. Fikiria, mwanangu, lakini jiwekee siku ya kumaliza. Nenda kaongee na mtu anayeifanya hiyo kazi, umuulize inavyomchosha na inavyompendeza. Kisha amua. Ukiona umekosea, utabadilisha. Wengi wamebadilisha na wanaishi. Na woga ukikuzidi, tuambie sisi wa nyumbani kabla hujatunga uongo, maana uongo wako tutaubeba sisi mbele za watu.

Mungu akutulize moyo, akupe kazi ya kukulisha na kukufurahisha, na sisi wa nyumbani tukutaje popote tukiwa tumeinua uso.